Namna ya Kuhamishia Diski Ngumu kwenye Kompyuta Nyingine bila Kupoteza Mafaili

Diski ngumu inapotolewa kwenye kompyuta moja na kufungwa kwenye nyingine, mafaili yaliyomo hayafutiki kwa sababu ya kuhamishwa. Aghalabu hupotea kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa mwenye diski hakuchukua ufunguo wa kufungulia data iliyosimbwa, au hupotea mwishoni, pale kompyuta mpya inapouliza kama ifomati diski, yaani iifute na kuiandaa upya, naye akakubali bila kusoma. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia maneno machache kwa skrubu na waya, na mengi kwa mambo hayo mawili. Kanuni moja inatawala hatua zote: tangu diski itoke kwenye kompyuta ya zamani hadi mafaili yake yatakapokuwa yamenakiliwa mahali pengine na kuhakikiwa, diski hiyo isomwe tu, isiandikwe kitu.

Hatua ya 1: Tumia kompyuta ya zamani ingali inawaka

Kama kompyuta ya zamani bado inafanya kazi, usiikimbilie na bisibisi. Hapo ndipo mahali pekee ambapo kila faili linafunguka bila swali, na yapo mambo ambayo yakikupita hapo hutaweza kuyarekebisha baadaye.

La kwanza ni usimbaji. Windows ina mfumo uitwao BitLocker, na kompyuta nyingi zilizouzwa zikiwa na Windows 10 au 11 husimba diski zenyewe mara mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Mtumiaji haoni tofauti yoyote, kwa sababu kichipu cha usalama kilicho kwenye ubao mkuu, kiitwacho TPM, huifungua diski kimya kimya kila kompyuta inapowashwa. Diski ikitenganishwa na kichipu hicho, kompyuta mpya itadai ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48, na hapo nenosiri la kuingilia Windows halisaidii, wala PIN yake. Pasipo ufunguo huo hakuna fundi wala programu itakayoyarudisha mafaili. Usimbaji ulibuniwa hivyo kwa makusudi.

Ili kujua kama diski yako imesimbwa, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika manage-bde -status. Ikionekana kuwa ulinzi umewashwa, andika manage-bde -protectors -get C: ili uone ufunguo wenyewe, uunakili kwenye karatasi pamoja na kitambulisho kinachoandikwa juu yake, na uweke karatasi hiyo mbali na kompyuta zote mbili. Ufunguo huo huo mara nyingi huhifadhiwa pia kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeisanidi kompyuta mwanzoni, ambaye si lazima awe wewe. Kama kompyuta ilikuwa ya ofisi au ya shule, huenda ufunguo uko kwa msimamizi wa mtandao wa huko. Njia nyingine ni kuuondoa usimbaji kabisa kwa amri manage-bde -off C: na kusubiri hadi asilimia ifike sifuri, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa. Mimi napendelea kuuandika ufunguo kwanza hata kama nitaondoa usimbaji, na siondoi usimbaji kwenye diski inayoonyesha dalili za kuharibika, kwa sababu kazi hiyo huiandika upya diski nzima.

Kwenye Linux, diski iliyosimbwa kwa LUKS huhitaji kaulisiri yake tu, nayo hufunguka kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Upo pia usimbaji wa faili mojamoja wa Windows uitwao EFS, ambao hutegemea cheti kilichomo ndani ya akaunti ya mtumiaji. Aliyewahi kuutumia anapaswa kutoa nakala ya cheti hicho kwa amri cipher /x kabla ya kufanya jambo lolote lingine.

La pili ni mafaili ambayo hayamo kabisa ndani ya diski. Huduma za kuhifadhi mtandaoni kama OneDrive huonyesha jina la faili kwenye folda ilhali faili lenyewe liko kwenye intaneti, na alama ndogo ya wingu kando ya jina ndiyo inayolijulisha. Ukiichukua diski hiyo na kuifunga kwenye kompyuta nyingine utaona majina ambayo hayafunguki, na utadhani diski imeharibika. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, uchague yote yabaki kwenye kifaa hiki wakati wote, na usubiri yamalize kushuka. Au kama una hakika na akaunti yako, acha yabaki mtandaoni na uyachukue huko kwa kompyuta mpya.

La tatu ni manenosiri ya kivinjari. Chrome na Edge kwenye Windows huyasimba kwa kuyafunga na akaunti ya mtumiaji ya kompyuta hiyo, hivyo kunakili folda ya kivinjari peke yake hakuyaleti. Yatoe kwa kutumia menyu ya kivinjari chenyewe au uyasawazishe na akaunti yako, na ukiyatoa kama faili, lifute mara baada ya kuliingiza kwenye kompyuta mpya kwa sababu mtu yeyote anaweza kulisoma. Firefox ni tofauti: folda yake ya wasifu hubeba manenosiri pamoja nayo, mradi uichukue nzima.

Mwisho wa hatua hii, nakili mafaili ambayo huwezi kabisa kuyapoteza kwenye diski ya nje. Nakala hii ya haraka si mbadala wa hatua zinazofuata, lakini diski ikianguka mikononi mwako dakika chache baadaye, utakuwa na kitu. Angalia tu kwamba diski ya nje iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili uitwao FAT32 haipokei faili lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi. Kwa video ndefu tumia diski yenye exFAT au NTFS.

Hatua ya 2: Pima afya ya diski

Diski za kisasa hujiwekea kumbukumbu ya hali zao, iitwayo SMART. Kwenye Windows programu ya CrystalDiskInfo huisoma, na kwenye Linux au macOS amri smartctl -a hufanya kazi hiyo. Kwa diski za sahani zinazozunguka, tazama hasa mistari mitatu yenye namba 05, C5 na C6, ambayo huhesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kubadilishwa, zinazosubiri uamuzi, na zilizoshindwa kusomeka. Kama namba hizo ni sifuri, endelea. Kama C5 au C6 ina hesabu yoyote na inaongezeka kila unapotazama, diski inakufa, na kila saa inayobaki inapaswa kutumika kunakili badala ya kupima zaidi.

Diski inayogonga kwa sauti ya kurudiarudia, au inayozunguka kisha kujizima, izimwe mara moja. Vichwa vyake vya kusomea vinaweza kuwa vinakwaruza sahani, na kuiwasha tena na tena kwa matumaini ndiko kunakoimaliza. Hiyo ni kazi ya maabara ya kuokoa data. Ikiwa diski inasomeka kwa shida lakini haitoi sauti mbaya, tumia ddrescue kwenye Linux kutengeneza picha kamili ya diski kwenye diski nyingine kubwa zaidi, kisha ufanye kazi yote kwenye picha hiyo. Programu hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuyaacha maeneo mabovu mwisho, jambo ambalo kunakili kwa kawaida hakulifanyi. Ukiiandika amri yake, chanzo hutangulia na mahali pa kwenda hufuata. Kuvigeuza ni kuifuta diski uliyotaka kuiokoa, kwa hiyo soma majina ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 3: Zima kikamilifu

Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kompyuta huweza kutumia njia ya kuwaka haraka ambayo kuzima kwake ni nusu ya kuzima: sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski, na diski hubaki na alama kwamba bado inatumika. Ukiipeleka diski hiyo kwenye Linux, itakataa kuandikwa au kufunguliwa, na ukiifunga kwenye Windows nyingine kisha kuirudisha kwenye ile ya kwanza, mabadiliko yanaweza kugongana na kuharibu orodha ya mafaili. Zima kwa amri shutdown /s /t 0, ambayo hufunga kila kitu. Chomoa waya wa umeme, toa betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na uipe diski ya sahani muda wa kuacha kuzunguka kabla ya kuigusa.

Hatua ya 4: Tambua aina ya diski na njia ya kuiunganisha

Diski ya inchi 3.5 hutoka kwenye kompyuta za mezani, ile ya inchi 2.5 kwenye kompyuta mpakato, na nyingi kati yake hutumia SATA, yenye kiunganishi chembamba cha data cha pini 7 kando ya kile cha umeme cha pini 15. Diski za zamani zaidi hutumia IDE yenye pini 40, nazo huhitaji adapta yake. Vipande vyembamba vya M.2 ndivyo vinavyowachanganya watu wengi, kwa sababu umbo ni moja lakini lugha ni mbili: vingine huzungumza SATA na vingine NVMe. Soma lebo ya kifaa na maelezo ya kompyuta mpya, kwani kifaa cha NVMe kikiingizwa kwenye nafasi inayokubali SATA peke yake kinaweza kukaa vizuri mahali pake lakini hakitaonekana. Kompyuta nyingi mpya za Apple hazina diski inayotoka, na pale ambapo kuna kichipu cha T2 au kichipu cha Apple chenyewe, data imesimbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya kichipu hicho. Kwa kompyuta hizo, hamisha mafaili kwa waya au kwa mtandao ukitumia programu ya uhamishaji iliyomo ndani ya macOS.

Kama una uwezo wa kuchagua, ninashauri usiifunge diski ndani ya kompyuta mpya mara ya kwanza. Tumia adapta au kasha la USB. Kompyuta mpya haifunguliwi, haiwezi kujaribu kuwaka kwa mfumo endeshi wa zamani bila wewe kutaka, na ukiona jambo usilolielewa unaweza kuitoa diski na kwenda kuuliza. Kumbuka kwamba diski ya inchi 3.5 huhitaji volti 12 ambazo USB ya kawaida haitoi, kwa hiyo adapta yake lazima iwe na waya wake wa umeme. Ya inchi 2.5 hutosheka na volti 5 za USB.

Lipo jambo linalokwenda kinyume. Diski iliyokuwa imefungwa ndani ya kasha la nje la kiwandani wakati mwingine husimbwa na bodi ndogo iliyo ndani ya kasha hilo, au huhesabiwa sekta kwa ukubwa tofauti na ule wa SATA. Ukiitoa na kuiunganisha moja kwa moja itaonekana tupu. Haiko tupu; irudishe kwenye kasha lake na usome mafaili kupitia hapo.

Hatua ya 5: Ifunge, ikiwa lazima iwe ndani

Gusa chuma kisicho na rangi cha kasha la kompyuta ili kuondoa umeme tuli, shika diski kwa kingo zake, na usiguse bodi iliyo chini yake. Skrubu zikaze kiasi cha kushika tu.

Onyo moja la hatua hii lina uzito kuliko mengine yote: waya za umeme zinazochomoka kutoka kwenye pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) hazifanani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na hata kati ya modeli za mtengenezaji yule yule. Upande wa diski huwa ni ule ule, lakini upande wa pawasaplai pini hupangwa tofauti, na waya wa kompyuta ya zamani ukichomekwa kwenye pawasaplai ya kompyuta mpya unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuiunguza bodi ya diski mara moja. Tumia waya uliokuja na pawasaplai yenyewe, usihamishe waya pamoja na diski.

Kabla Windows haijaanza, ingia kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya ubao mkuu inayoiwasha kompyuta, na uthibitishe kwamba diski ya kompyuta mpya ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kuwaka.

Hatua ya 6: Soma kila dirisha kabla ya kulijibu

Hapa ndipo mafaili mengi yaliyokuwa salama hupotea. Diski ikiunganishwa, huenda Windows ikasema kwamba inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Jibu ni hapana. Huenda dirisha la usimamizi wa diski, linalofunguliwa kwa diskmgmt.msc, likaomba kuianzisha diski kwa MBR au GPT, namna mbili za kupanga sehemu za diski. Ghairi. Huenda pia ikapendekeza kuichunguza na kurekebisha makosa. Kwa diski ambayo bado haijanakiliwa, ghairi vilevile, kwa sababu urekebishaji wa chkdsk huweka mbele unadhifu wa orodha ya mafaili na unaweza kuvikata vipande ambavyo programu ya uokoaji ingeviunganisha.

Maneno hayo ya Windows yanamaanisha tu kwamba haitambui inachokiona, na sababu zake ni nyingi zisizo na uhusiano na uharibifu. Diski iliyotoka kwenye Linux kwa kawaida ina mfumo wa mafaili uitwao ext4, na iliyotoka kwenye Mac ina APFS au HFS+, ambazo Windows peke yake haizisomi. Iwashe kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, nayo itaisoma ext4 bila tabu. Ile ya Mac ifungue kwenye Mac nyingine. Kwa upande wake macOS husoma NTFS bila kuiandika, jambo ambalo kwa kazi hii ni faida. Diski iliyokuwa sehemu ya RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, haiwezi kusomeka peke yake kama data iligawanywa kati ya diski kadhaa, hivyo zihamishe zote pamoja na uandike kila moja ilikaa nafasi gani.

Kama diski inaonekana katika diskmgmt.msc lakini haimo kwenye orodha ya kawaida, tazama imeandikwa nini. Ikiwa haina herufi, ipe herufi. Ikiwa imewekwa nje ya matumizi (Offline), labda kwa sababu saini yake inafanana na ya diski nyingine iliyonakiliwa kutokana nayo, iunganishe moja tu kati ya hizo mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa imetajwa kuwa ngeni (Foreign), ni diski ya mpangilio wa dynamic, na menyu yake ina chaguo la kuiingiza. Usichague kuibadilisha kuwa ya kawaida, kwani hilo hufuta sehemu zake. Ikidai ufunguo wa BitLocker, ile karatasi ya hatua ya kwanza ndiyo inayohitajika sasa.

Hatua ya 7: Nakili, kisha hakiki

Ukifungua folda ya mtumiaji wa zamani, Windows itasema huna ruhusa na kukupa kitufe cha kuendelea. Ukikibonyeza hubadilisha ruhusa za maelfu ya mafaili kwenye diski ile ambayo tumesema isiandikwe. Njia safi zaidi ni robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, katika dirisha la amri la msimamizi, kwa kuwa chaguo lake la /B husoma kwa mamlaka ya kunakili akiba bila kugusa ruhusa. Kama diski ya zamani imepewa herufi E na mahali pa kwenda ni D, amri ni hii:

robocopy E:\Users\jina D:\Nakala\jina /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:D:\nakala.txt

Neno jina libadilishwe liwe jina halisi la folda ya mtumiaji. Chaguo /XJ huzuia robocopy kuzunguka bila mwisho ndani ya njia za mkato zilizomo kwenye folda ya AppData, na /R:1 /W:1 huifanya ijaribu tena mara moja tu faili likigoma. Bila hayo mawili, robocopy hujaribu mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara, nawe utadhani imekwama. Kwenye Linux, ifungue diski kwa kusoma tu kwa mount -o ro, kisha tumia rsync -a.

Chukua folda nzima ya mtumiaji, pamoja na AppData iliyofichwa, kwa sababu humo ndimo mnamokaa barua pepe za baadhi ya programu na alamisho za vivinjari. Tazama pia mzizi wa diski, maana watu wengi huwa na folda zao moja kwa moja chini ya C. Programu zenyewe haziji kwa kunakiliwa, zisakinishe upya.

Kumaliza kunakili hakutoshi kuwa ushahidi. Fungua nakala.txt na usome jedwali la mwisho: safu ya yaliyoshindwa inapaswa kuwa sifuri, na kama si sifuri, majina yake yameandikwa juu. Linganisha idadi ya mafaili ya pande zote mbili. Kisha fungua mafaili yenyewe, hasa makubwa na ya zamani: picha hadi mwisho wake, video katikati, hati kadhaa za kila mwaka. Kwa faili lisilo na mbadala, endesha certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 upande wa zamani na upande mpya, na mistari miwili inayotoka lazima ifanane herufi kwa herufi.

Kama ulitaka kuwaka kwa mfumo endeshi wa zamani

Inawezekana, lakini ifanye baada ya nakala kuhakikiwa. Windows iliyosakinishwa kwa BIOS (mtangulizi wa UEFI) na MBR haiwaki kwenye kompyuta yenye UEFI peke yake, na ile iliyozoea AHCI inaweza kusimama na kosa la 0x7B kwenye kompyuta iliyowekwa RAID au VMD, ambazo kama AHCI ni njia za kompyuta kuzungumza na diski. Leseni iliyokuja na kompyuta ya kiwandani kwa kawaida hubaki na ubao mkuu wa kompyuta hiyo. Kwa maoni yangu ni afadhali kusakinisha mfumo mpya kwenye diski nyingine, na wakati wa kusakinisha, ichomoe kabisa diski ya zamani, kwa sababu orodha ya diski katika skrini ya usakinishaji huonyesha hasa namba na ukubwa, na kuchagua isiyo yake ni rahisi mno.

Diski ya zamani ikae kando bila kuguswa hadi uwe umetumia kompyuta mpya kwa kazi zako zote za kawaida, zikiwemo zile zinazokuja mara moja kwa mwezi, na hadi mafaili yako yawe mahali pawili bila kuihesabu diski hiyo. Baada ya hapo unaweza kuifomati na kuitumia kwa nakala za akiba. Ukiamua kumpa mtu mwingine, diski ya sahani iandikwe juu yote mara moja kamili, na SSD (diski isiyo na sahani) ifutwe kwa amri ya ufutaji salama ya mtengenezaji wake.